Herufi Alizochota Maama

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Gazeti lilichora mraba wenye vyumba tisa, kila chumba na herufi yake, na herufi ya katikati ikapigwa wino mzito. Msomaji alitakiwa kutafuta maneno ya Kiingereza yanayoundwa na herufi hizo, kila neno liwe na herufi nne au zaidi, na lazima liwe na ile ya katikati. Likiikosa, halihesabiwi hata likiwa refu kama barabara ya Lamadi. Majibu yalitumwa kwa posta. Mshindi wa mwezi alipewa baiskeli.

Nayapanga haya vizuri kwa sababu niliwahi kuulizwa niyaeleze mbele ya watu, nikayaeleza vibaya, na aliyekuwa karibu kulipa kwa uhai wake hakuwa mimi. Alikuwa bibi yetu, mama mzazi wa baba. Tulimwita maama, kama bibi anavyoitwa Usukumani.

Gazeti lilitufikia pamoja na wanunuzi wapya wa pamba. Kabla ya hapo pamba yote ya kijiji chetu, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Bariadi, ilipimwa kwenye ghala la chama cha msingi, na baba ndiye aliyekuwa karani. Soko lilipofunguliwa alikuja kijana kutoka Mwanza, ametumwa na kampuni, na mizani yake mpya. Akapanga ghala lile lile, akalala humo humo, akanunua. Chama hakikufungwa, kilinyamaza tu. Baba aliendelea kuvaa shati lake lenye kalamu mfukoni na kwenda kukaa ofisini mpaka saa sita, kisha anarudi. Watu waliokuwa wakimvulia kofia sasa walimpungia mkono wakiwa mbali.

Kijana wa kampuni alisoma magazeti ya Kiingereza. Akimaliza, alinipa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia, matokeo yangu ni ya daraja la tatu, nasubiri nafasi ya chuo cha ualimu ambayo ilikuwa haijulikani kama itakuja. Nilikuwa na muda na kalamu. Nikaanza kujaza mraba.

Sasa niseme kuhusu macho ya maama. Yalikuwa mekundu, na sababu yake tuliijua wote nyumbani. Miti ya kuni ilikwisha upande wetu tangu mashamba ya pamba yalipopanuka, kwa hiyo tulipikia mavi makavu ya ng'ombe, na moshi wake hauna huruma. Maama alikuwa ameuinamia moshi huo miaka mingi. Lakini katika nchi yetu miaka ile, ajuza mwenye macho mekundu hakuhesabiwa kuwa mgonjwa. Msimu ule ule, katika kijiji cha ng'ambo ya mto, mwanamke wa umri wa maama alikutwa shambani kwake amekatwa kwa mapanga, jua likiwa juu. Tulisikia mwano, ule ukelele wa kuita watu, ukitoka kijiji hadi kijiji mpaka ukatupita. Kisimani wanawake walizungumza habari hiyo kwa sauti ndogo. Sikusikia hata mmoja akiuliza nani amemuua. Waliulizana alikuwa amefanya nini.

Baba aliporudi jioni ile alimwambia mama yake asiwe anakwenda shamba la mbali peke yake. Maama akamjibu, "Na la karibu je? La karibu ndiko waliko wanaonijua."  Mama yetu alikuwa Ipililo wakati huo, akimuuguza mdogo wake aliyejifungua kwa shida, kwa hiyo nyumbani tulikuwa wanne: baba, maama, mimi, na mdogo wangu wa kike ambaye alikuwa ametoka tu kufanya mtihani wa darasa la saba.

Mdogo wangu ndiye aliyeleta vigae. Gazeti lilifika mara moja kwa wiki, kama lilifika, na yeye hakutaka kungoja wiki. Tukatengeneza herufi zetu za kufanyia mazoezi. Kwanza tulikata katoni ya sabuni, mvua ikailowanisha ikawa uji. Ndipo maama akatupa kibuyu chake cha maziwa kilichopasuka. Tukakivunja vigae vidogo, kila kimoja kama kucha ya kidole gumba, na kila kigae tukakichoma herufi kwa waya uliotiwa motoni. Ili kujua herufi gani iwe na vigae vingi, nilichukua ukurasa mmoja wa gazeti nikahesabu mstari kwa mstari. E ilizidi zote. X na Z na Q tukazipa kigae kimoja kimoja.

Tatizo likawa nani achote. Alama za moto zina mfereji, na kidole kinauhisi.

"Dada, vidole vyako vinasoma," mdogo wangu alisema. "Umechota E tatu mfululizo. Maama, huyu mwizi."

"Ameiba nini?"

"Herufi."

"Basi mwenye mali bado hajalia," maama alisema. "Leteni kwangu. Mimi nikipapasa mpaka kesho hamna ninachokijua humo."

Tangu siku hiyo maama ndiye mchotaji. Alikaa juu ya ngozi ya ng'ombe mbele ya mlango wa nyumba yake ndogo, kikapu cha vigae mapajani. Kabla ya kuingiza mkono aliupuliza, tabia aliyotoka nayo kwao Lingeka alipokuwa akicheza isolo, bao la Kisukuma, na wasichana wenzake. Alichota vigae vinane akavitupa kwenye ngozi mbele yetu. Cha tisa alikiweka peke yake, karibu na goti. Hicho ndicho cha lazima. Kisha alisema, "Semeni."

Tukasema. Mchezo ulikuwa wa kusema kwa sauti, kwa zamu, mpaka mmoja akwame. Kila mmoja alikuwa na njia yake. Mimi nilitafuta kwanza mikia ya Kiingereza, ile ed na er na ing, nikaibandika kwenye chochote kilichobaki. Mdogo wangu, ambaye Kiingereza chake kilikuwa cha darasa la saba, aligundua njia ya mkato: alichukua neno la Kiswahili lililotoka kwa Wazungu akalikata irabu ya mwisho. Siku moja ngozini kulikuwa na N, O, T, H, R, E, S na A, na kwenye goti C. Mimi nilikuwa bado nafikiri.

"Tochi," alisema. "Torch. Koti. Coat."

"Hilo la pili lithibitishe."

"Wewe thibitisha kama halipo."

Hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Kamusi yetu, ya ofisi ya chama, ilianzia herufi D. Kurasa za A mpaka C mlinzi wa ghala alikuwa amezivuta pamoja na tumbaku yake. Kwa hiyo maneno yanayoanza na herufi hizo tatu yaliamuliwa na maama. Alimtazama msemaji usoni, kimya, muda mrefu. "Huyu haogopi," alisema siku ile. "Neno lake lipo." Na lilikuwepo. Siku nyingine alinitazama mimi akasema, "Hili umelizaa sasa hivi," na ilikuwa kweli.

Kiingereza kilimchekesha. Alisema ni maneno kama ndama walioliwa mikia na fisi: yanakwenda vizuri, halafu nyuma hamna kitu. Alikuwa akiyarudia anapotwanga.

Sasa nieleze mahali. Ngozi ilitandikwa mbele ya mlango wa maama, na mlango wa maama ulitazama njia ya kisimani. Tulikaa hapo kwa sababu kulikuwa na kivuli cha ukuta saa za alasiri. Hatukufikiri zaidi ya hapo. Mpita njia aliona ajuza mwenye macho mekundu akipuliza kiganja, akiingiza mkono katika kikapu, akitupa juu ya ngozi vigae vya kibuyu vyenye alama za moto, kimoja akikitenga. Kisha wajukuu wake wawili wakitamka maneno ambayo hayakuwa ya Kisukuma wala ya Kiswahili, na yeye akiwatazama machoni akiamua. Sisi watu wa huko kila mmoja amewahi kukaa mbele ya mganga akitupa vitu kwenye ngozi. Sisi wawili tuliokwenda shule ndio tuliosahau.

Jirani yetu wa karibu, tuliyemwita mayu, yaani mama, alisimama siku moja kwenye ua wa minyaa na ndoo yake kichwani, akatupa salamu ya mchana.

"Mwadila. Mnafanya nini hapo?"

"Mwadila, mayu. Tunacheza herufi."

"Herufi za nani?"

"Za Kiingereza."

Mdogo wangu akadakia, "Karibu mayu, maama atakuchotea na wewe."

Mayu alicheka kidogo. "Mimi asinichotee," alisema, akaenda zake. Nilimwona anakaza mwendo, maji yakimwagika begani. Nilidhani amechelewa kupika.

Kigae cha X kilipotea mwanzoni mwa Novemba. Mvua ilitushtukiza mchezo ukiwa katikati, mdogo wangu akamimina vigae vyote kwenye chombo kilichokuwa karibu, na hicho kilikuwa kikapu kikubwa cha maama cha kukusanyia mavi. Baadaye tulivitenganisha. Nilihesabu, kimoja hakipo. Tulipojua ni X hatukusumbuka. Maneno yenye X ni machache.

Kuhusu kikapu kile ni hivi. Sisi hatukuwa na ng'ombe tena. Kwa mayu walikuwa nao, na kulikuwa na utaratibu wa zamani kuliko mimi: maama aliingia zizini kwao kila baada ya siku moja, akafagia, na alichofagia ni chake cha kuni. Hakuna aliyemwomba mwenzake, hakuna aliyeshukuru. Maama alijua kila ng'ombe wa zizi lile kwa rangi na kwa tabia, na alikuwa akimkwaruza maksai mmoja mweusi paji la uso kila akiingia.

Ni maksai huyo aliyekufa. Walikuwa wawili wa jembe, na mvua za kulimia zilikuwa zimeanza. Asubuhi aligoma kuinuka, mchana tezi za shingo zilikuwa zimevimba, jioni alikuwa amekwisha. Ninavyojua sasa, ilikuwa ndigana, homa ya kupe. Josho la kijiji lilikuwa halina dawa tangu serikali ilipoacha kuileta, na wa kuinunua kila mtu alimngoja mwenzake. Lakini mume wa mayu, alipokuwa anasafisha mahali maksai alipolalia, aliona ndani ya samadi kitu kidogo kigumu. Akakipangusa. Kilikuwa kigae cha kibuyu, na juu yake mistari miwili ya moto iliyokatana.

Hakupiga kelele. Alikifunga katika jani akakiweka. Haya nilikuja kuyajua baadaye.

Tulichokijua sisi kilianza na salamu. Kwetu salamu si neno moja. Unasalimiwa, unaitikia, unaulizwa ukoo, unaulizwa za nyumbani, za ng'ombe, za shamba, na anayekatisha katikati ana sababu. Asubuhi moja nilimwambia mayu, "Mwangaluka, mayu," naye akaniangalia kama anayetazama nguo iliyoanikwa, akapita. Kisimani, nilipofika, mazungumzo yaliisha. Niliteka maji nikisikia kamba ya ndoo yangu tu. Nilipoondoka nilisikiliza kama yataanza tena nyuma yangu. Hayakuanza mpaka nilipofika mbali.

Siku ya tatu maama alikwenda zizini akarudi na kikapu kitupu. Walikuwa wameburuta miiba wakaziba upande wake.

"Leo hawana mavi," alisema.

Mdogo wangu akacheka. "Ng'ombe wote wale? Wamekwenda kunya Bukundi?"

Maama hakucheka. Aliketi, akakigeuza kile kikapu, akakitazama chini yake, kisha akakigeuza tena. "Ile alama yenu iliyopotea," alisema, "ilikuwaje?"

Nikamchorea mavumbini. Aliitazama kidogo, akaifuta kwa mguu, akachukua kikapu cha vigae akaingia nacho ndani. Hatukucheza tena.

Mjumbe wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, alikuja kesho yake. Alisimama nje ya ua, hakukaribia kivuli. Alimwambia baba, "Mtemi anawaita ghalani alasiri. Mje na bibi. Mje na vile vitu."

"Vitu gani?" baba aliuliza.

"Vile."

Ghala lilikuwa tupu. Kijana wa kampuni alikuwa ameondoka na mizani yake msimu ulipokwisha, bila anwani. Hilo lilinijia njiani: mtu pekee ambaye angeweza kusimama na kusema huu ni mchezo wa gazeti, na hata wazee wameuona mikononi mwake, hakuwepo. Wanaume walikuwa wameketi chini kwa nusu duara, pinde zao magotini. Wanawake walisimama nyuma. Maama aliketishwa katikati, peke yake, na mimi nikasimamishwa karibu naye kwa sababu ndiye niliyesoma.

Mtemi wa sungusungu alikuwa mtu mpole wa kuongea polepole. Aliweka jani chini, akalifungua. X ilikuwa pale.

"Hiki ni chenu?"

"Ni chetu," nilisema. "Ni herufi. Kilidondoka kwenye kikapu cha mavi, tulikimimina kwa makosa mvua iliponyesha."

"Herufi. Nani aliichoma?"

"Mimi."

"Kibuyu cha nani?"

"Cha bibi."

Mnong'ono ulipita nyuma. Mtemi akainua mkono. "Tuelezeni mnachofanya. Taratibu, wote tusikie."

Nikaeleza. Nilieleza kwa mpangilio, kama mwanafunzi mwenye majibu. Maama anachota tisa. Nane zinakwenda kwenye ngozi, moja ni ya lazima. Sisi tunatafuta maneno.

"Kwa nini achote yeye?"

"Kwa sababu hajui kusoma. Hawezi kupendelea."

"Yaani hazijui, lakini mkono wake unazipata."

"Zinakuja tu, mtemi. Ni bahati."

"Na mkiyapata hayo maneno?"

"Tunayapeleka posta."

"Kwa nani?"

"Kwa watu wa gazeti. Hatuwajui."

"Wakishayapokea?"

"Wanatoa baiskeli."

Mzee mmoja upande wa kushoto akacheka kwa mshangao, akampiga mwenzake goti. "Umesikia? Ajuza anachota kibuyuni, maneno yanatumwa kwa watu wasiojulikana, baiskeli inakuja! Na sisi tunalima pamba kama wajinga."

Watu wakacheka, na kwa nukta moja nilidhani tumeokoka. Kisha mume wa mayu akasimama. Hakuwa na hasira, na hilo lilinitisha zaidi. "Baiskeli haijaja," alisema. "Maksai wangu ameondoka. Mimi naona hesabu hiyo tu."

Kicheko kikafa.

Nikatoa gazeti. Nilikuwa nimelificha kifuani kama ushahidi wangu mkubwa. Nikalifungua penye mraba, nikampa mtemi. Likapita mkono kwa mkono. Hakuna aliyesoma Kiingereza, ila kila mmoja aliutazama ule mraba wenye vyumba tisa, herufi katika kila chumba, ya katikati nyeusi kuliko wenzake. Kabla halijanirudia nilijua nimefanya nini. Mzee yule yule aliyecheka alilishika kwa ncha za vidole akalirudisha haraka.

"Hirizi ya kule Pwani huandikwa hivi hivi," alisema. "Nimeivaa. Naijua."

Baba aliomba kusema. Alisimama na kalamu yake mfukoni, akaeleza kwamba gazeti hilo huchapwa mjini, kwamba yeye amekuwa karani wao miaka yote hiyo na hajawahi kumwandikia mtu kilo pungufu, kwamba neno lake wanalijua. Walimsikiliza kwa adabu. Mtu mmoja alisema, "Karani, tunakuheshimu. Lakini hata ghala limekushinda." Baba akaketi.

Mtemi alimgeukia maama. "Mama, wewe unasemaje?"

Alikuwa amekaa muda wote na miguu ameinyosha mbele, mikono mapajani, viganja juu, kama anawaonyesha kuwa ni vitupu. "Yule maksai," alisema, "nilimkwaruza paji la uso tangu akiwa ndama. Mwulizeni mwenye zizi kama alikuwa ananikimbia."

Mume wa mayu alitazama chini. 

Mtemi akatoa uamuzi. Sungusungu haioni kosa la kumtoza mtu. Kigae kimeelezwa. Vigae vyote vichomwe hapo hapo, na mchezo huo usichezwe tena kijijini. Mdogo wangu ndiye aliyeambiwa avimwage. Vibuyu vinashika moto vizuri. Watu wote walingoja mpaka viishe, na nilipowatazama nikagundua hawautazami moto. Walikuwa wanamtazama maama, kama atapepesa.

Watu walipotawanyika mtemi alimshika baba mkono, wakatembea hatua chache. Nilikuwa nyuma yao, nikasikia.

"Mimi nimesema nilichosema," alisema. "Lakini wapo waliokuja wameacha masikio yao nyumbani. Vijana wengine si wa kwangu. Wanaitwa kutoka mbali, hawana majina."

"Nifanye nini?"

"Una ndugu mbali?"

Baba aliinamisha kichwa kukubali.

"Usimwambie mtu ni wapi," mtemi alisema. "Hata mimi usiniambie."

Maama aliondoka kesho yake kabla watu hawajaanza kwenda kisimani. Baba aliazima baiskeli kwa katekista wa kigango jirani, akasema anampeleka mama yake hospitali ya Bariadi kutazamwa macho. Safari yenyewe ilikuwa ya Lingeka, kwa mtoto wa kaka yake maama, kwanza baiskeli, kisha gari la kwenda Meatu. Nilimwekea nguo zake katika kifuko cha pamba. Niliwaza kwamba huko nako wanapikia moshi, na huko nako hawatajua kwa nini macho yake yako vile. Hatukuwa na mahali pengine.

Alikawia mlangoni kwake. Alitoa komeo, akalirudisha, akalitoa tena. Mwishowe aliuegesha mlango bila kufunga.

"Funga, maama," nilisema. "Wataiba."

"Wakija wasiuvunje," alisema. "Ni mninga. Babu yenu aliuleta kichwani."

Akapanda nyuma ya baiskeli, akaushika mkanda wa baba kwa mikono miwili. Hakugeuka.

Siku tano zilipita. Baba alikuwa amerudi, akisema mama yake amelazwa. Asubuhi ya siku ya sita mdogo wangu alikwenda kufagia nyumba ya maama, akatoka akanivuta nguo. Mlango ulikuwa wazi, mzima, bila mkwaruzo. Ndani, kitanda cha kamba kilikuwa kimekatwakatwa. Niliangalia kama ninavyoangalia kila kitu, nikahesabu. Upande wa kichwa mapigo manne yalikuwa yamepita kamba zote na kugonga ubao wa fremu. Upande wa miguu hakukuwa na kitu. Blanketi la zamani tulilokuwa tumelikunja mahali pa mto lilikuwa limepasuliwa katikati. Nyayo zilikuwa za viatu vya matairi, za watu wawili au watatu, na hazikutoka upande wowote ninaoweza kuutaja.

Baba alisimama mlangoni muda mrefu. Alisema tusimwite mtu, tutoe kitanda tukichome.

Tulikuwa tunakusanya vipande vya kamba mayu alipoingia. Hakubisha hodi. Hakuwa amekanyaga kwetu tangu maksai afe. Alikiona kitanda kabla hatujakificha, akaketi chini palepale kwenye vumbi, khanga mdomoni. Alilia. Sijui mpaka leo alikuwa analia nini. Nimeandika habari za watu wengi tangu wakati huo, na machozi yale siyawekei maelezo.

Kisha alifuta uso, akatusaidia kufagia. Alifagia vizuri, kona zote. Alipomaliza alisimama na ufagio mkononi.

"Mwanangu," aliniambia, "maama yuko wapi?"

Mdogo wangu alivuta pumzi ya kusema. Nikamkanyaga mguu.

"Dar es Salaam," nilisema. "Baba alimpandisha basi. Yuko kwa shangazi."

"Dar es Salaam? Mbona mlisema hospitali?"

"Tulikuwa tunaogopa, mayu."

"Mtaa gani?"

Nikamtajia mtaa, mmoja niliokuwa nimeusoma gazetini, na nyumba yenye bati jekundu, na duka la unga mbele yake. Nikamwomba asimwambie mtu. Aliniwekea mkono kichwani, akaapa.

Jioni nilikwenda kuteka maji. Wanawake hawakunyamaza nilipofika. Walikuwa wanabishana kuhusu nauli ya kwenda Dar es Salaam, na mmoja wao, ambaye mdogo wa mume wake alivaa viatu vya matairi, aliutaja ule mtaa, kisha ile nyumba, kisha duka la unga.